Kabla ya kulaumu kadi ya picha, someni lebo ya chaja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu wazazi waliowanunulia vijana wao laptopu za gemu, na zaidi linawahusu wanaoziuza na wanaozitengeneza. Mimi ni fundi umeme mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31 katika karakana ya kiwanda cha kamba za mkonge hapa Tanga, nikizisuka upya mota zilizoungua. Kompyuta nimezijulia ukubwani, kupitia kwa binti yangu wa mwisho.

Binti yangu anasoma usanifu majengo, na laptopu ndiyo meza yake ya kuchorea. Usiku akishamaliza michoro, hucheza mbio za magari kwa intaneti na kaka yake aliyeko Maskati. Wazee wenzangu wengi huona gemu ni kupoteza muda. Mimi sikubaliani nao. Kijana wangu ana mwaka wa nne hajatia mguu nyumbani, na saa ile moja wanayokimbizana kwa magari huku wakipiga soga ndiyo inayowafanya waendelee kuwa ndugu. Huwa naketi barazani nasikia kicheko chake kutoka ng'ambo, nami naridhika.

Mwaka jana tulikwenda Kariakoo kununua laptopu iliyotumika, ya kutoka Dubai, kwa shilingi 1,650,000. Mashine yenyewe ni nzuri: prosesa, yaani ubongo wake, ni Core i7-9750H yenye kori sita, na kadi ya picha, inayochora kinachoonekana kwenye kioo, ni GTX 1660 Ti. Muuzaji aliiwasha mbele yetu, akafungua video, ikacheza bila wasiwasi, tukalipa. Leo najua kwamba video ile haikuwa kipimo. Kuonyesha video hakuitoi jasho mashine ya aina hiyo.

Balaa lilianza nyumbani. Gemu lilikuwa likianza kwa fremu, yaani picha, 70 kwa sekunde, gari linateleza kama liko kwenye lami mpya. Dakika tatu nne hazijapita, fremu zinaporomoka hadi 20, zinakaa hapo, zinapanda tena, zinaporomoka tena, kama mgonjwa wa pumu. Kwa msomaji asiyejua mambo haya: kwenye fremu 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde zisizofika 17 za kuchorwa. Zikishuka hadi 20, jicho linaliona gari likiruka kutoka hapa hadi pale, na kona imeshapita. Kaka yake alikuwa akimwita, "Mdogo wangu, umesinzia?" naye anajibu, "Limeganda tena, kaka." Baada ya wiki mbili wakaacha kucheza. Baraza langu likawa kimya.

Tulimpelekea fundi wa kwanza. Akaiangalia robo saa, akasema kadi ya picha imekufa, chipu ichomolewe na kuchomelewa upya, gharama shilingi 450,000. Wa pili akasema umeme wa mtaa wetu ni mdogo, tununue stebilaiza. Hakuna hata mmoja aliyeishika chaja mkononi.

Aliyenifungua macho ni binti yangu mwenyewe. Aliniuliza, "Baba, mbona betri inapungua wakati chaja nimeichomeka?" Nikamwambia, "Rudia hapo, mama." Kifaa kilichochomekwa ukutani kikawa kinakula akiba yake, maana yake kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotumika. Nikavaa miwani nikaigeuza chaja. Lebo ilisema inatoa volti 19.5 kwa ampea 4.62. Zidisha: wati 90. Nikaigeuza laptopu yenyewe, nikafuta vumbi kwenye maandishi madogo ya chini: volti 19.5, ampea 9.23. Zidisha: wati 180.

Mtoto wangu alikuwa ameuziwa nusu ya chaja.

Karakanani kwetu kila mota ilikuwa na kibao chake ubavuni, na hakuna aliyethubutu kuiunga bila kukisoma. Chaja nayo ina kibao. Kadi ile ya picha peke yake inaweza kula wati 80. Prosesa ile imepangiwa wati 45, na kwa muda mfupi huvuka hapo. Bado hujahesabu kioo, feni, diski na betri inayotaka kujazwa. Wati 90 zitatosha wapi? Laptopu inajijua haina umeme wa kutosha, basi inajibana: inapunguza kasi ya prosesa na ya kadi, fremu zinaanguka. Inajilinda isizime ghafla. Haina ugonjwa wowote.

Sikutaka kusema kwa kukisia, kwa hiyo nilipima. Nilichukua ekstensheni ya zamani, nikachana ganda la nje na kuutoa waya mmoja peke yake, nikauzungusha mara kumi kwenye taya za klampu mita, kipimo kinachoubana waya na kusoma mkondo unaopita. Mizunguko kumi hukuza kipimo mara kumi, na bila hivyo mita ya mkononi haioni vizuri mkondo mdogo namna ile. Soketi ilikuwa na volti 225, saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu. Kwa hiyo wale wanaosema umeme wa mtaani ndio unaoangusha fremu, kwa laptopu hii hawakuwa sahihi. Chaja imeandikwa inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, yenyewe inajirekebisha, na stebilaiza isingeongeza hata wati moja. Gemu lilipowaka, mita ilisoma 4.6, yaani ampea 0.46, ikaganda hapo kama imepigiliwa msumari. Hiyo ni takriban wati 100 ukutani, ukomo wa chaja ile. Nikaigusa: ilikuwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishikilia. Watoto wetu wanalala na chaja hizo juu ya godoro.

Nikatafuta chaja ya wati 180, nayo ya kutumika, nikaipata Ngamiani. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo ningependa kila fundi kijana alijue.

Tuliichomeka, laptopu ikawaka na kutoa onyo kwenye kioo cheusi kwamba haiitambui aina ya chaja. Ikaendelea kuwaka, lakini hata kufungua faili la michoro kulikuwa mateso. Binti yangu akafungua programu ya bure iitwayo HWiNFO, inayoonyesha hali ya mashine kwa ndani, akanionyesha: prosesa imesimama gigahezi 0.79, haipandi hata ukiisukuma, na betri haijazwi. Prosesa hiyo imejengwa kufika 4.5. Mtu mwingine angesema laptopu sasa imekufa kabisa.

Kichwa cha chaja ile si cha nyaya mbili kama tulivyozoea. Duara la nje ni hasi, la ndani ni chanya, na katikati kuna sindano nyembamba. Sindano hiyo haipitishi umeme wa kazi. Inapitisha maneno: chaja inaiambia laptopu, mimi ni wa wati 180. Laptopu isiposikia neno hilo haiamini, inajibana hadi chini kabisa. Nilipima kwa mita iliyowekwa mlio, inayolia pale waya unapokuwa haujakatika. Nyaya mbili nene zililia. Waya wa tatu, mwembamba kama uzi wa cherehani, ulinyamaza. Ulikuwa umekatika pale waya unapoingia kwenye kichwa, mahali watu wanapouvuta na kuukunja kila siku. Nikakata, nikavua ganda, nikalehemu kichwa kipya, nyaya zote tatu. Tulipochomeka, onyo halikuja. Klampu mita ikapanda hadi 7.5, ampea 0.75, na betri ikaanza kujaa gemu likiendelea.

Hapa niwaonye vijana. Kuna njia inayosambazwa ya kuzima, kwa programu, ile ishara inayoilazimisha prosesa ishuke. Inafanya kazi, kasi inarudi mara moja, na ndiyo hatari yake. Laptopu iliyozibwa masikio itavuta umeme mwingi kuliko chaja ndogo inavyoweza kutoa. Karakanani niliona fyuzi zilizofungwa waya wa shaba ili kazi isisimame, na nilizisuka mota zilizoungua kutokana na ujanja huo. Tengenezeni waya.

Kazi haikuishia hapo. Gemu lilikwenda vizuri dakika kumi na mbili, kisha fremu zikateremka kutoka 80 hadi 40, safari hii taratibu, bila kuruka. Betri imejaa, chaja haina lawama. Namna ya kuanguka ilikuwa tofauti, na ndiyo iliyonionyesha kuwa ni kitu kingine. Binti yangu alitumia programu nyingine, GPU-Z, yenye mstari unaotaja sababu ya kadi kubanwa: ikiandika Pwr ni umeme, ikiandika Thrm ni joto. Iliandika Thrm, na prosesa nayo ilikuwa nyuzi 97. Tuliizima, tukafungua mfuniko wa chini, nikachomoa kwanza kiungo cha betri. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Nililitoa zima kwa kibano. Ile pesti ya kijivu ya kupitishia joto ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Tukasafisha, tukapaka mpya kiasi cha punje ya dengu. Kisha nikamwomba asicheze tena kitandani, maana laptopu hizi huvuta hewa kwa chini na godoro linaziba pua. Sasa inakaa mezani juu ya vizibo vinne vya soda. Nyuzi zimeshuka hadi 84. Na kwa joto la Tanga la Februari hicho si kitu kidogo.

Ushauri mmoja ni wake yeye, si wangu: ameliwekea gemu ukomo wa fremu 60. Awali nilidhani anapoteza alichokipata, lakini mita ilinionyesha umeme umepungua na feni zikatulia. Fremu 60 zisizotikisika, anasema, zinaendesheka kuliko 90 zinazoanguka kila kona. Namwamini, yeye ndiye mwenye usukani.

Wauzaji niliozungumza nao walinieleza jinsi mambo yanavyokwenda. Laptopu za kutumika huja kwa mzigo, chaja zao kubwa ni nzito kama tofali, hupotea au huuzwa peke yake. Dukani kijana anatafuta chaja inayoingia kwenye tundu, taa ikiwaka biashara imekwisha. Siwaiti wezi. Wengi hawajui kwamba chaja ya wati 65, ya 90 na ya 180 zinaweza kuwa na kichwa kilekile. Hata hizi za Taipu C zinazosifiwa mtaani kuwa zinachaji kila kitu, nyingi hazizidi wati 100. Kiwango chenyewe kilipandishwa hadi wati 240 mwaka 2021, lakini lazima chaja, waya na laptopu vyote vitatu viwe vya kiwango hicho.

Ninaloomba ni dogo. Wauzaji waandike kwenye risiti, kando ya jina la prosesa na ukubwa wa diski, wati za chaja na wati zinazotakiwa na mashine. Wamjaribishie mteja kwa gemu la dakika 20, wasimwonyeshe video. Mafundi, mgonjwa akija na malalamiko ya fremu kuanguka, mwambieni aje na chaja yake, msome lebo mbili, mpime waya wa tatu, mfungue mfuniko mwangalie vumbi, kabla hamjataja neno kadi. Nanyi wazazi msiojua Kiingereza wala kompyuta, mnachotakiwa kujua ni kuzidisha volti kwa ampea. Bei ya chaja niliyonunua ilikuwa shilingi 85,000. Nilitakiwa kulipa 450,000 kwa kuchomelea chipu isiyoumwa, na laiti ningelipa, laptopu ingerudi na chaja yake ileile ya wati 90.

Ndugu Mhariri, naambatanisha picha mbili, lebo ya chaja ya kwanza na lebo iliyo chini ya laptopu. Ukipata nafasi ya kuzichapa, naomba zichapwe kwa ukubwa ambao mzee mwenzangu anaweza kuzisoma bila kumwita mtoto.

Fundi umeme mstaafu,
Ngamiani, Tanga