Buda, kwani Zombie ni namba saba?

Kisumu, Jumapili usiku

Niaje buda,

Wife na watoto wako wazima? Msalimie mamako kabla hujasahau, mwambie yule kijana wake mwembamba bado yuko na bado hajanenepa. Huku tuko sawa, mvua ilituharibia biashara wiki nzima lakini leo jua limewaka na soko la Kibuye limejaa watu mpaka boda zilikuwa zinapita juu ya viatu tulizopanga chini, nimeuza tisheti kama arobaini hivi, mgongo umekufa, alafu nafika nyumbani stima hakuna, nawasha simu nakuta listi yako ya ngoma kumi kali za roki za 1994, mwaka wetu. Nikasema acha ninywe chai kwanza, nikijibu saa hii tutakosana.

Na unaita roki mbadala. Mbadala wa nini sasa? Haya, twende.

Nikupe haki yako, Black Hole Sun ya Soundgarden kuikalisha namba moja sio dhambi kubwa. Ile gitaa inayoyumba kama imelewa waliipitisha kwa spika ya Leslie, ile ya vinanda yenye pembe inazunguka ndani, ndio maana sauti inakuja inaenda, inakuja inaenda. Na Chris Cornell, mwimbaji wao, koo alikuwa nalo, hapo siongezi neno. Lakini wimbo wenyewe unasema nini? Hata mwenyewe alikubali alikuwa anacheza tu na jina la wimbo. Ni tamu, sawa, lakini ni kama kuota na homa, ukiamka hukumbuki ulikuwa unaogopa nini.

Basket Case ya Green Day sina neno. Albamu yao Dookie ilitoka tarehe 1 Februari na hiyo ngoma ni dakika tatu za mtu ambaye roho inampiga mbio bila sababu, mwimbaji wao Billie Joe Armstrong alikuwa anaongea juu ya hofu zake mwenyewe. Sisi hatukujua, sisi tulikuwa tunaruka tu juu ya kitanda cha kakako mpaka chaga zikavunjika, na kati yetu wawili ni nani alichapwa? Buddy Holly ya Weezer nayo naipenda kwa sababu ya upuuzi, unajua video yake iliwekwa ndani ya CD ya Windows 95? Mtu ananunua programu ya kompyuta anapewa ngoma juu, kama vile unanunua kilo ya sukari unapewa kikombe.

Loser ndio tunaanzia vita. Beck aliitoa 1993, sahani mia tano tu kutoka kwa lebo ndogo ya huko California, 1994 ni wakati kampuni kubwa iliichukua ikalipuka. Mtoto anahesabiwa siku aliyozaliwa ama siku aliyochukua kitambulisho? Na hapo hapo umeweka About a Girl ya Nirvana, ile ya Unplugged, shoo ya MTV, ambayo iliimbwa New York Novemba 1993, na wimbo wenyewe uko kwa albamu yao ya 1989! Najua ulichofanya, ulitaka Kurt Cobain, mwimbaji wao, awe ndani kwa nguvu kwa sababu huo ndio mwaka alipatikana amekufa, 8 Aprili, miaka 27. Sawa, nimeelewa. Lakini kama ni hivyo ungeweka Hole, bendi ya mkewe Courtney Love, albamu yao ilitoka tarehe 12 Aprili, siku nne tu baadaye, na jina lake ni Live Through This. Jina lilikuwa limeshachapishwa tayari. Nikifikiria hiyo kitu nashindwa hata kusema kitu.

Kuhusu Nirvana acha nikuchekeshe kidogo. Leo nimefungua beli mpya ya mitumba, kamera, zile nguo safi kabisa, zote zimeenda kabla ya saa tatu, nikabaki na tisheti nyeusi za ule uso wa manjano unaotoa ulimi, sita. Mama mmoja akashika moja akageuza akaniuliza, kijana, hii Nirvana ni kampuni ya nini? Nikamwambia ni bendi, mwenye kuimba alishakufa. Akairudisha polepole akapanguza mikono. Ati hawezi valisha mtoto nguo ya marehemu. Nikamwambia mama, hii yote unaona hapa ni nguo za nani unadhani? Sikuuza.

Live Forever ya Oasis umeisahau kabisa, sijui ulikuwa unafikiria nini. Noel Gallagher alikuwa anafanya kazi ya mjengo kule Manchester, bomba likamwangukia mguu, wakamhamisha stoo kazi nyepesi, ndio akapata muda wa kukaa na gitaa na huo wimbo ukatokea huko. Siku hizi nikipita mjengo pale Kondele nachungulia kwanza stoo nione ni nani amekaa.

Sasa. Zombie ya Cranberries. Namba saba. Chini ya Loser. Buda!

Najua utasema gitaa ni koda nne zilezile zinazunguka mwanzo mpaka mwisho. Ni kweli, na zinakwaruza kama kisiagi kikiisha mahindi. Mimi nimelelewa na benga, muziki wa gitaa wa huku kwetu, baba alikuwa anataka kila waya wa gitaa uongee peke yake, kwa hivyo hizo kelele ningepaswa kuzichukia mimi kuliko wewe. Lakini sikiza pale sauti ya mwimbaji wao, Dolores O'Riordan, inavunjika. Inapanda, inakatika katikati, inarudi tena. Hiyo mimi niliijua mara moja tulipomzika dani, nyanya yetu, kule Siaya. Shangazi yetu alitoka Mombasa na basi ya usiku, boda ikamwacha kwa geti, akalipa vizuri tu, akahesabu chenji, akaweka mkoba chini, alafu akapiga nduru. Kutoka geti mpaka kwa jeneza, sauti inavunjika vilevile. Nikiwa nimesimama pale na sahani ya wali nikasema huyu ni Dolores. Na nimesoma baadaye kwamba kwao Ireland wamama pia walikuwa wanalilia maiti hivyo, zamani.

Na kile analilia tulikuja kujua tukiwa wakubwa. Sisi tulidhani ni wimbo wa wafu wanatembea, si wewe mwenyewe ndio ulinishikia tochi chini ya kidevu? Kumbe ni watoto wawili, mmoja miaka 3, mwingine 12. Tarehe 20 Machi 1993, Jumamosi, mji unaitwa Warrington kule Uingereza, na kesho yake ilikuwa siku ya akina mama, kwa hivyo watu wako madukani. IRA, kundi la silaha la Ireland, walikuwa wameweka mabomu ndani ya mapipa ya takataka, mawili. Dolores mwenyewe alikuwa mtu wa Ireland, wa Limerick, na mabomu yalitegwa na watu wa kwao wakisema wanaipigania nchi. Wimbo ni wa kuwaambia hao watu wa kwao kwamba sio kwa jina langu. Nilisoma hiyo kitu kwa saiba moja hapa mjini, shilingi moja kwa dakika, nikamaliza pesa ya nauli nikatembea mpaka Nyalenda.

Kwa sababu nilikumbuka sebule yenu. Hatujawahi kuongea juu yake, na sio lazima tuongee, nakuandikia tu. Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi, Nakuru kafyu, sisi wanne tumelala chini kwenu, godoro limesimamishwa dirishani, mamako amekaa kwa stuli karibu na mlango na kila mtu akibisha anaongea yeye, kwa lugha yenu, anacheka hata. Na mimi na wewe chini ya blanketi na ile redio, sauti chini kabisa mpaka drami zinasikika kama mtu anatafuna kitu. Kaseti ya kakako, dakika 90, upande A. Wimbo wa mwisho ni Zombie na kaseti inakata kabla haujaisha, tak! kitufe kinaruka, na hiyo tak tukaiogopa kuliko kitu chochote, tukajifunza kuzima sekunde kadhaa kabla. Tuna miaka 13. Siku ya nne lori ikaja ikatubeba, tukakuja huku na sahani mbili na cherehani ya mama.

Sasa uniambie Loser iko juu ya hiyo.

Alafu ujue mwisho wa Zombie niliusikia mara ya kwanza hapa hapa saiba, karibu mwaka mzima baadaye. Nilikuwa nimengoja, nikadhani huko mwisho kuna kitu kikubwa. Hakuna. Anaacha kuimba, gitaa inaendelea kidogo peke yake, inaisha. Basi.

Hiyo kaseti bado iko? Usiniambie kakako aliitupa. Wiki jana jamaa wa vyombo jirani yangu pale Kibuye alipata redio ya kaseti, nikamshika mpaka mia nne, nimepanguza kichwa na spiriti na pamba, inazunguka vizuri, ila kitufe cha kuzima kinaruka kwa kelele zaidi ya ile yenu. Ukikuja Agosti beba. Na kama utepe umelegea usivute na kidole, ingiza kalamu uzungushe polepole, wewe mikono yako naijua.

Tisheti yako ya Soundgarden nimekuwekea, ina tundu dogo kwapani lakini ni kamera. Mia mbili hamsini, na sikupunguzii.

Ni mimi,
wa Kibuye