Mashujaa Dei njema watu wangu, jacaranda zimeshamwagika

Habari zenu nyote, wa hapa Nairobi, mlioko ushago, na hata nyinyi wa majuu mliosahau kupiga simu, Mashujaa Dei njema! Leo asubuhi nimetoka kununua maziwa nikapata gari la jirani limefunikwa maua ya zambarau kama la bibi harusi, na mlinzi wetu yuko hapo na ufagio, anafagia upande huu, akigeuka upande ule ushamwagikiwa tena, akaniangalia akasema tu, "hii Oktoba." Nikarudi ndani nikaona wacha niwaandikie salamu kabla ya mvua kuanza na kila mtu ajifungie kwa nyumba. Ni ndefu kiasi, mtasoma mkiwa kwa matatu.

Si mnajua ile baridi yetu ya Julai, ya kuvaa sweta mbili na bado unaulizia jua liko wapi? Hiyo imeisha. Na mvua ya vuli nayo iko njiani, ikifika ni matope na jam hadi Desemba. Sasa hapa katikati kuna hizi wiki chache ambazo Nairobi inakuwa mji wa kutembea kwa miguu, na sisi huzimaliza kwa foleni na kwa simu, halafu Novemba tunalalamika hatukuenda mahali. Mimi mwaka huu nimekataa. Jumapili iliyopita nilipeleka wapwa zangu barabara ya State House, tukatembea tu chini ya miti hadi Arboretum, hakuna kingine. Ua la jacaranda likianguka ukilikanyaga linapasuka pwa, wakaanza kushindana nani atapasua mengi, hadi yule mdogo na patipati zake akakanyaga moja lililokuwa na nyuki ndani. Kilio chake aki mlikisikia hadi Westlands. Lakini dakika kumi baadaye alikuwa anapasua tena, sasa anaangalia kwanza. Na huo mti hata si wa kwetu, uliletwa kutoka Amerika Kusini, ila umekaa hapa miaka mingi sana hakuna wa kuuitisha kitambulisho. Arboretum yenyewe ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni, kwa hivyo huko ni kama stendi ya wageni wa miti.

Sasa nije kwa sikukuu yenyewe. Nikiwa mdogo hii siku ilikuwa inaitwa Kenyatta Dei, jina likabadilishwa na katiba ya 2010, lakini nyumbani kwetu hakuna kilichobadilika, ilibaki ni siku ya kulala, kuangalia gwaride kwa TV na kubishana nani atageuza nyama. Tarehe 20 Oktoba 1952 ndiyo hali ya hatari ilitangazwa na kina Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Karumba wakakamatwa, hiyo tulikariri shule tukapita mtihani tukasahau. Kilichonishtua juzi ni kugundua mashujaa wenyewe wako kwa zile sehemu tunazoenda kupiga picha. Tuchukue City Park pale Parklands, wengi wetu tunaijua kwa sababu ya tumbili wanaonyang'anya watoto ndizi. Pio Gama Pinto amezikwa humo humo. Alifungwa na mkoloni, akatoka, nchi ikapata uhuru, halafu Februari 1965 akapigwa risasi hapa Nairobi. Na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, naye kaburi lake liko humo, alitaka kulala karibu na rafiki yake Pinto. Mimi nimepita hapo na soda mkononi si chini ya mara ishirini na sikuwahi kuuliza.

Halafu Karura. Hii ndiyo nataka mwende, mkiweza leo, na kama si leo basi kabla ya matope. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya mji, una njia za kutembea na za baiskeli, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichia. Miaka ya tisini wakubwa walishaanza kugawana huo msitu wajenge, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa mazingira, akaenda na watu wake kupanda mti, wakavamiwa na genge la walinzi, akapasuliwa kichwa, akaenda polisi akatia sahihi ripoti kwa damu yake mwenyewe. Uhuru Park hivyo hivyo, 1989 ilikuwa ijengwe jumba la ghorofa 60, mama akaandika barua juu ya barua, wabunge wakamcheka, na jumba halikujengwa. Kwa hivyo ile nyasi mnayolalia mkiwa mmeshiba chipsi ina mwenyewe.

Mwaka jana tulimpeleka cucu wetu, yaani nyanya yetu, huko Karura. Hali ya hatari ilimpata akiwa kasichana, wakahamishwa wakapelekwa kwa vile vijiji vya kuzungushiwa handaki na miti iliyochongwa, ila si mtu wa kuzisimulia hizo, ukimuuliza anakuuliza kama umekula. Tukafika kwa mapango, vijana wamejaa hapo wanapiga picha, mmoja ameweka muziki. Cucu akasimama mdomoni mwa pango, akagusa ukuta na kiganja, akaangalia juu kwa muda, halafu akauliza kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga: "Sasa hapa walikuwa wanapikia wapi? Moshi si ungeonekana?" Hakuna aliyejibu. Yule kijana akazima muziki bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nimesoma hiyo historia, nimeiandikia insha, na sikuwahi kufikiria moshi.

Wale hamuwezi kufika mbali, hata tao inatosha, siku kama ya leo barabara ziko wazi. Anzeni kwa sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, mpite hadi ya Tom Mboya, yule waziri, pale Moi Avenue, iko hatua chache kutoka mahali alipopigwa risasi Julai 1969. Ni kutembea kidogo tu, watoto hawatachoka, labda nyinyi.

Mambo ya kubeba: kofia, viatu vya kufunga (mnakumbuka nyuki), na Karura msiende na maji ya chupa ya plastiki, imekatazwa kwa misitu na mbuga tangu Juni 2020. Mimi nilijifanya sijui, nikabaki getini nakunywa lita moja na nusu kwa mkupuo watu wakinipita, na choo nacho kikawa mbali. Malipo ni kwa simu kwa hivyo iwe na chaji.

Basi Mashujaa Dei njema tena, na wale mko na wazee nyumbani wapigieni hata kama watawauliza tu kama mmekula. Sisi tutakuwa Karura, geti ya Limuru Road, saa tatu asubuhi, mkitaka kuungana nasi mje. Cucu amesema anarudi, ameshauliza mara mbili kama maporomoko bado yako, na anakuja na chupa yake ya chai. Ni ile ya bati, hiyo hawataikataa.