Koala hulala, lakini si kwa uvivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makala ya hivi karibuni katika ukurasa wa watoto wa gazeti lako, ambayo ilimtaja koala wa Australia kuwa mnyama mvivu kuliko wote kwa sababu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Saa hizo ni za kweli. Hukumu iliyotolewa juu yake ndiyo isiyo ya haki, na kwa kuwa wanafunzi wangu hapa Dodoma wameipokea na kuirudia darasani, nimeona si vyema kuiacha ipite.

Koala hula majani ya mikaratusi, na ni nadra kula kitu kingine. Sisi huku tunaufahamu mti huo: tunaupanda kwa ajili ya nguzo na kuni, na mtu akibanwa na mafua huchemshiwa majani yake akajifukiza. Ukilifikicha jani moja vidoleni utasikia harufu kali ya mafuta yake, na ndani ya jani hilo zimo kemikali ambazo ni sumu kwa wanyama wengi. Tena ni gumu, limejaa nyuzi, na lina protini kidogo. Ini la koala hufanya kazi kubwa ya kuivunja sumu hiyo, na sehemu ya utumbo wake iliyo kama mfuko, ambayo urefu wake unaweza kufikia mita 2, huyashikilia majani kwa muda mrefu ili bakteria wayachachushe. Mnyama anayepata nguvu haba namna hiyo katika mlo wake hana budi kuzitunza kwa kutulia. Angerukaruka matawini mchana kutwa kama tumbili, angekufa njaa huku tumbo limejaa. Wala hali mkaratusi wowote tu. Aina zake ni zaidi ya 600, naye hutegemea chache kulingana na eneo analoishi, na hata katika mti anaoupenda hulinusa jani kwanza ndipo alile au aliache.

Makala haikugusa kabisa malezi yake, ambayo kwa maoni yangu yangewavutia watoto kuliko yote. Ingawa wapo wanaomwita dubu, koala si jamaa ya dubu. Ni mamalia mwenye mfuko, na ndugu yake wa karibu ni wombat, mnyama mnene wa Australia anayechimba mashimo ardhini. Mtoto huzaliwa baada ya siku 35 hivi, akiwa mdogo kama punje ya haragwe, haoni, hana manyoya, na hutambaa mwenyewe hadi mfukoni, ambamo hunyonya kwa miezi 6 hivi. Kabla hajaanza kula majani, mama humtolea kinyesi laini cha namna ya pekee, na kwa kukila mtoto hupata bakteria ambao bila wao jani la mkaratusi lisingemfaa kitu. Kisha hubebwa mgongoni hadi akaribie kutimiza mwaka mmoja. Mama anayelea hivyo kwa chakula duni kiasi hicho hastahili kuitwa mvivu mbele ya watoto.

Siku za joto kali utamkuta amelikumbatia shina, kwa kuwa shina huwa na ubaridi kuliko hewa. Miti ikikatwa hulazimika kushuka na kutembea chini, ambako hugongwa na magari au kuumwa na mbwa. Moto wa misitu wa 2019 na 2020 huko Australia uliua wengi, na Februari 2022 serikali ya Australia ilimweka katika orodha ya walio hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales na eneo la mji mkuu, Canberra.

Naomba gazeti lichapishe masahihisho katika ukurasa uleule wa watoto, yakieleza kwa nini koala hulala, wala si saa ngapi tu.

Mwalimu wa Baiolojia,
Nkuhungu, Dodoma.