Mama aliumwa moyo, kwenye daftari wakaandika uzee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na nikiwaambia watu wa nyumbani wanasema yameshapita, niache.

Mama yangu ana miaka 76. Mwaka jana alianza kuchoka hovyo, yani kutoka jikoni mpaka uani anakaa njiani mara mbili, usiku halali mpaka aegemee mito mitatu, na jioni akivua kandambili unakuta zile kamba zimechora alama kwenye mguu kama kidole kwenye unga uliokandwa. Tukampeleka zahanati. Nesi akauliza ana miaka mingapi, nikamjibu, na mimi naona tulishamaliza hapo hapo. "Kaka, huyu mtu mzima, mwili umechoka, mpeni matunda apumzike." Kwenye daftari, si unajua lile la shule ambalo kila mgonjwa anajinunulia dukani, wakaandika "uzee" halafu multivitamini na diklofenaki ya miguu. Basi.

Tumerudi pale mara tatu. Presha alipimwa siku moja tu, tena katoka kushuka kwenye bodaboda, hajakaa hata dakika tano, kile kitambaa cha mashine kikafungwa juu ya sweta. Eti iko vizuri. Kuja kufika hospitali ya mkoa wakampiga eko, ile picha ya moyo, moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, na daktari alipoliona lile daftari akauliza nani kampa diklofenaki maana hizo dawa za maumivu zinafanya mwili ubakize maji, mgonjwa wa moyo anazidi kuvimba. Akaanzishiwa vidonge vya kutoa maji na vingine, wiki haijaisha analalia mto mmoja.

Mtu atasema hiyo ni bahati mbaya ya mzee mmoja. Sawa, sasa nikupe ya kijana. Shemeji yangu, miaka 33, anaendesha bajaji, alikuwa anaumwa kichwa kila asubuhi na moyo unamwenda mbio. Akapimwa malaria, hana. Akaambiwa taifodi, akanywa dawa, kichwa kiko palepale. Halafu ikawa vidonda vya tumbo, akala omeprazo miezi miwili. Siku aliyoomba mwenyewe apimwe presha nesi akacheka, "presha ya nini wewe, kijana mdogo umeoa juzi?" Akaja kupimiwa duka la dawa, 190 kwa 120, wakarudia ikaja vilevile. Mwenye duka ndo aliyemwambia usiendeshe leo, nenda hospitali sasa hivi.

Yani mama ni mzee mno kuumwa moyo na shemeji ni kijana mno kuumwa moyo, sasa huu moyo unaumwa na nani?

Nina jirani yangu ni tabibu, nilipomsimulia akanionyesha ile chati ya rangi ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya kukadiria nani yuko hatarini kupata shambulio la moyo au kiharusi. Inaanzia miaka 40 inaishia 74. Nikamwambia watu wangu wote wawili wako nje ya karatasi! Akasema ndiyo, lakini karatasi haikukataza kumshika mgonjwa mkono, kule nje ya chati ndiko unapotakiwa kutumia kichwa chako na masikio yako. Akaniambia pia wazee wengi moyo ukiwaelemea hawalalamiki kifua kama tulivyozoea kuona kwenye sinema, anaweza kuja anahema tu, au kachoka, au kachanganyikiwa hajui leo siku gani, na wewe ukiwa na neno uzee tayari mdomoni huoni kitu. Na watoto nao, kuna wanaoharibika valvu za moyo, yani vile vilango vya damu, kwa sababu ya homa ya baridi yabisi inayoanzia kwenye koo lisilotibiwa, wakati sisi nyumbani tunasema ni mafua tu. Mtoto kama huyo anachomwa sindano ya penadur, aina ya penisilini, kila wiki tatu au nne kwa miaka na miaka.

Sisemi umri hauna kazi. Una kazi kubwa. Mama alipoanza zile dawa akawa akisimama anayumba, usiku mmoja kaanguka mlangoni mwa choo, bahati hakuvunjika. Kliniki wakampima presha amekaa, wakampima tena amesimama, ikashuka ghafla, wakampunguzia dozi. Nesi alifanya hivyo bila kuambiwa na mtu, akasema kwa umri huu lazima nipime zote mbili. Huo ndo umri ninaoutaka mimi, unaomfanya mtu apime mara mbili badala ya kuacha kupima kabisa.

Na hili la msamaha wa gharama za matibabu nalo niliseme. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha la wazee tumelikuta, hatukupanga foleni. Lakini bure ya kuonwa dakika mbili halafu dawa unaambiwa kanunue nje ina faida gani, maana dawa za moyo si za kumeza siku tano uache, ni kila mwezi mpaka mwisho.

Ninachoomba kwa wahusika ni kidogo. Kila mtu mzima anayeingia zahanati, kijana kwa mzee, awe kaja na kidole kilichochomwa mwiba, akalishwe kwenye kiti dakika tano, mkono wazi, apimwe presha na namba iandikwe kwenye daftari. Hiyo mashine ipo mezani, nimeiona kwa macho yangu, imefunikwa na kitambaa cha kufuma.

Jumatatu mama ana kliniki. Nimeshamwambia avae gauni la mikono mifupi, hilo sweta tutalibeba kwenye mfuko.

Msomaji wako,
Morogoro