Hisa mpya sokoni: tuchapishieni tarehe ya zuio, si bei ya siku ya kwanza tu

Mhariri,

Kampuni ikiingia soko la hisa kwa mara ya kwanza, kurasa za biashara hujaa bei ya siku hiyo: ilifunguliwa kwa ngapi, ikafungwa kwa ngapi. Kwa mtu anayejiwekea akiba ya miaka 20, habari hiyo haimfikishi mbali. Yeye anahitaji kujua fedha zake zinaingia mfuko wa nani, na ni lini litaisha zuio la kuuza walilowekewa waliotangulia kuingia. Yote mawili yameandikwa kwenye waraka wa toleo, yaani maelezo ambayo kampuni huyatoa inapouzia umma hisa zake, ila ni nadra kuyaona gazetini.

Tuchukue Facebook, kwa kuwa namba zake ziko wazi. Mei 2012 ziliuzwa hisa milioni 421 kwa dola 38 kila moja. Katika hizo, milioni 180 tu ndizo zilizotolewa na kampuni yenyewe. Milioni 241 zilikuwa za wanahisa wa zamani. Yaani zaidi ya nusu ya fedha za wanunuzi haikuingia kwenye kampuni hata kidogo. Mwanahisa kuuza mali yake si kosa. Lakini anayeijua kampuni kutoka ndani akiona bei hiyo inamtosha kuuza, anayeinunua kutoka nje ana haki ya kusita.

Hisa ile ilifunguliwa kwa dola 42.05, ikafungwa kwa 38.23. Aliyemwagiza dalali anunue kwa bei yoyote ya soko, bila kuweka kikomo, aliweza kuwa na hasara siku hiyo hiyo. Na hata hiyo bei ya kufungia huwa na nguzo ya muda chini yake: benki zinazosimamia toleo kwa kawaida huuza hisa za ziada, hadi asilimia 15, kisha bei ikitaka kushuka chini ya ile ya toleo huzinunua tena. Ruhusa hiyo kwa kawaida hudumu siku 30 hivi. Nguzo ikiondoka, ndipo unapoanza kuona soko lenyewe linasemaje.

Septemba mwaka huo hisa ilikuwa chini ya dola 18. Zuio lilichangia. Waanzilishi, wafanyakazi na wawekezaji wa mwanzo hufungwa na mkataba wasiuze kwa muda, mara nyingi siku 180, na wakati huo hisa zinazozunguka sokoni ni chache kuliko wanaozitaka. Facebook iliachia zake kwa awamu. Agosti 16 ziliachiwa milioni 271, bei ikaanguka kwa asilimia 6 hivi. Novemba 14 ikaja awamu kubwa kuliko zote, takriban milioni 800, na bei ikapanda kwa zaidi ya asilimia 12, kwa sababu tarehe ilijulikana na waliohofia walikwisha kuuza mapema. Kwa hiyo sisemi watu wabahatishe na tarehe ya zuio. Nasema wasinunue kabla yake. Aliyengoja hadi jioni ile alilipa dola 22 na senti kadhaa, kwa kampuni ileile ambayo wenzake waliilipia 38.

Najua nitaambiwa kwamba anayengoja hukosa faida ya bei ya toleo. Hapo husahaulika jinsi hisa zinavyogawanywa kwa walioomba. Toleo likigombewa, mwenye kuomba hisa 1,000 anaweza kupewa 100; toleo likikosa wateja, anapewa zote 1,000. Mwekezaji mdogo hupata kidogo katika zile nzuri na kingi katika zile mbovu, na aliyekopa fedha za kuomba hulipa riba kwa hali zote mbili.

Mtafiti Jay Ritter, katika utafiti uliochapishwa 1991, alifuatilia kampuni 1,526 zilizoingia sokoni Marekani kati ya 1975 na 1984. Kwa miaka mitatu kuanzia bei ya kufungia siku ya kwanza, zilileta wastani wa asilimia 34. Kampuni zilizokuwa sokoni tangu zamani, zinazolingana nazo kwa ukubwa na aina ya biashara, zilileta karibu asilimia 62.

Je, hisa hizi zikae nje ya akiba moja kwa moja? Hapana. Kampuni zote kubwa za leo sokoni ziliwahi kuwa mpya. Ushauri wangu ni kampuni moja isizidi asilimia 2 ya akiba, na inunuliwe kwa mafungu matatu: la kwanza zuio likiisha lote, la pili baada ya hesabu za kwanza za mwaka mzima zilizokaguliwa, la tatu baada ya hesabu za mwaka wa pili, iwapo biashara yenyewe inaingiza fedha taslimu na deni halikui kuliko mapato.

Kabla ya fungu la kwanza, hesabu hisa zote, pamoja na zile zilizoahidiwa wafanyakazi. Tuseme faida ni milioni 100, hisa zilizopo milioni 50 na bei ya hisa moja ni 40: unalipa mara 20 ya faida. Zikiongezeka hisa milioni 15 zilizoahidiwa, faida ileile inagawanywa kwa milioni 65, na bei ileile inakuwa mara 26. Kosa hili hufanyika kila mara, maana idadi ya pili huandikwa ndani kabisa ya waraka, tena kwa herufi ndogo.

Ombi langu, Mhariri, ni nafasi ndogo tu pembeni ya bei ya siku ya kwanza: hisa ngapi zimeuzwa na kampuni na ngapi na wenye nazo, zuio linaisha tarehe gani, na hisa zitakuwa ngapi zote zikitoka.

Msomaji wako