Yaliyofuata baada ya Wajerumani kushindwa Ziwa Tanganyika yasiachwe nje ya historia

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo linalonisumbua kila habari za ukarabati wa MV Liemba zinapochapishwa. Tunaelezwa kwamba meli hiyo iliundwa na Wajerumani, ikazamishwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaibuliwa, na kwamba ni miongoni mwa meli kongwe zaidi duniani. Yote hayo ni kweli. Kinachoachwa ni sababu ya kuzamishwa kwake, pamoja na yale yaliyowapata watu wa pande hizi baada ya Wajerumani kunyang'anywa ziwa, na kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha habari yenyewe.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani ndio waliotamba ziwani. Katika mwezi huo huo meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, na tangu hapo upande wa Kongo ukawa hauna chombo cha kushindana nao. Mwaka 1915 nguvu yao iliongezeka zaidi kwa Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba ya leo: ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914, kisha ikaunganishwa upya ufukweni. Mwenye kulimiliki ziwa aliweza kuwapeleka askari na mizinga kutoka Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, hadi Usumbura, ambayo ni Bujumbura, bila kuhangaika na njia za milimani, na adui yake wa ng'ambo hakuweza kujua atapigwa wapi.

Waingereza waliamua kuivunja nguvu hiyo kwa boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita zipatazo 12. Zilitoka Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Fungurume huko Katanga, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, zikateremshwa katika mto Lualaba na hatimaye kupakiwa tena kwenye treni hadi ufukwe wa magharibi wa ziwa. Waandishi wa Ulaya wameisimulia safari hii mara nyingi, na zaidi ya yote wamependa kueleza tabia na vituko vya kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson. Mimi ningependa kusikia habari za Waafrika waliofyeka msitu, waliojenga madaraja ya magogo na kukokota mizigo pale mashine ziliposhindwa, kwa maana bila wao boti zile zisingeyaona maji ya ziwa. Majina yao hayamo katika masimulizi hayo, na hatuwezi kuendelea kuwasubiri wageni watukumbukie watu wetu.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Ilibaki Götzen peke yake. Spicer-Simson hakuishambulia, lakini haikuwa tena meli ya kutawala ziwa, kwa sababu mzinga wake mkubwa, uliotolewa katika manowari Königsberg iliyoangamia katika delta ya Rufiji, uliondolewa na kupelekwa kutumika nchi kavu. Wabelgiji walileta ndege za kutua majini na kuanza kuishambulia bandari ya Kigoma kwa mabomu. Tarehe 26 Julai 1916, kwa amri ya kamanda Gustav Zimmer, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, mafundi wakiwa wamekwisha kuipaka mitambo yake grisi nzito isiharibike majini. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma.

Najua wapo watakaosema kwamba mapigano ya vyombo vitatu au vinne hayakuamua lolote, kwamba Wabelgiji walikuja kwa miguu kutoka kaskazini, na kwamba jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lililofika Dodoma mwishoni mwa Julai lilikuwa tayari linaikata Reli ya Kati. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, jeshi linaloteremka kandokando ya ziwa huku adui akiwa na meli za kushusha askari nyuma yake haliendi mbali, na si bure kwamba Wabelgiji walikaa upande wao kwa muda wote ambao ziwa lilikuwa la Mjerumani. Lilipowatoka Wajerumani, njia ilifunguka. Vikosi vya Force Publique, yaani jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, kimoja kikiongozwa na Molitor na kingine na Olsen, viliingia Kigali mwezi Mei, Usumbura mwezi Juni, Kigoma mwezi Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba 1916.

Hapa ndipo vitabu vyetu vya shule vinaponyamaza. Mtoto anafundishwa kwamba Mjerumani aliondoka na Mwingereza akaja, basi. Haambiwi kwamba Tabora ilikaliwa na jeshi la Wabelgiji hadi lilipoikabidhi kwa Waingereza mapema mwaka 1917, wala kwamba Kigoma na Ujiji zilibaki chini yao hadi mwaka 1921. Waliotaka kutuma barua walitumia stempu za Kongo zilizopigwa chapa ya Kifaransa na Kiflemi iliyotangaza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Wanaume walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi, majeshi ya pande zote yalijilisha kwa vyakula na ng'ombe za wenyeji, na kaskazini magharibi mwa Rwanda njaa iliyoitwa Rumanura iliua watu wengi kati ya mwaka 1916 na 1918.

Jambo linaloniuma zaidi ni sababu ya Wabelgiji kuing'ang'ania ardhi hiyo. Serikali yao ilikusudia kuitumia kama rehani katika mazungumzo ya amani, ili kwa mabadilishano ya pande nyingi ipate ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo uliokuwa wa Wareno. Watu wa Ujiji, Gitega na Nyanza walikuwa bidhaa ya kubadilishana kwa ajili ya bandari iliyo upande wa pili wa bara. Mpango huo haukufanikiwa. Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana kugawana, Rwanda na Burundi zikaangukia kwa Ubelgiji na sehemu iliyobaki ikawa Tanganyika ya Waingereza, halafu Shirikisho la Mataifa likabariki. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa pia maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mpaka unaomtenganisha Muha wa Kasulu na Mrundi wa Ruyigi ulipata uzito wake wa leo katika makubaliano hayo, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iuweke ukaliaji huu katika mada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukiwa na tarehe zake na majina ya miji yake, usiishie kutajwa kwa sentensi moja. Nawaomba pia wanaoshughulikia ukarabati wa Liemba watenge sehemu ndani ya meli, au katika bandari ya Kigoma, ya kueleza habari za wapagazi, askari wa pande zote mbili na miaka ya utawala wa Wabelgiji, kwa Kiswahili kwanza. Burundi, Rwanda na Kongo sasa zimo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo wanahistoria wa vyuo vyetu wanaweza kuifanya kazi hii kwa pamoja, wakianza na familia za Kigoma, Ujiji na Kalemie ambamo bado wamo wazee waliosimuliwa mambo haya na babu zao. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na kazi ya kuwarekodi haihitaji kusubiri meli ikamilike.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi,
Kigoma