Kabla hujachagua kati ya RT na Gold Wing

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako nimeipata na nimeisoma taratibu, maana swali lako nalipenda: kati ya BMW R 1250 RT na Honda Gold Wing, mchukue ipi kwa safari ndefu za watu wawili? Umenichorea na jedwali la nguvu farasi, ujazo wa injini na torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Limekaa vizuri, lakini naomba uliweke kando kwanza. Pikipiki hizo zote mbili nimeziendesha, pamoja na wapinzani wao kadhaa, na mambo yaliyonifanya niipende hii kuliko ile hayamo kwenye jedwali. Ni mawili tu: inavyokwenda ikiwa polepole kabisa, na upepo unavyokupiga ikiwa kasi.

Nianze na polepole. Pikipiki ya safari haimwangushi mwenyewe akiwa kwenye kilomita 120 kwa saa. Humwangusha akiwa anatafuta pa kuegesha penye mteremko, anageuza kwenye njia nyembamba, au anasimama kujaza mafuta huku masanduku yamejaa na abiria yuko nyuma. Hapo nguvu farasi 136 za RT hazikusaidii kitu. Kinachosaidia ni uzito umekaa wapi na miguu yako inafika chini kiasi gani.

RT ina kilo 279 ikiwa imejazwa mafuta, na tangi lake ni la lita 25. Ukisoma namba hiyo unaogopa. Lakini silinda zake mbili zimelala, moja kushoto na moja kulia, mpangilio ambao BMW wameushikilia tangu R 32 ya mwaka 1923, kwa hiyo uzito wa injini uko chini. Unapoiinua kutoka kwenye standi unajiandaa kwa mzigo mzito, halafu inasimama bila kukupa shida. Kitu kimoja cha kuzoea: ukiwa umesimama, gia imetoka, ukavuta mafuta ghafla, utaihisi inataka kuinama kidogo upande. Usishtuke, ndivyo ilivyo injini ya aina hiyo.

Gold Wing Tour, ile yenye sanduku la nyuma, inapita kilo 370. Huo ni uzito wa kweli na usidanganywe na mtu. Ila nayo injini yake imelala, silinda tatu kila upande, na kiti kiko milimita 745 tu kutoka ardhini, wakati cha RT ni 805 au 825 kutegemea ulivyokiweka. Kwa urefu wako, kwenye Gold Wing nyayo zote mbili zitalala chini. Ikishaanza kutembea, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, inatulia ajabu. Tatizo ni pale inapokuwa imesimama na ikainama kupita kiasi: hakuna mguu wa binadamu utakaoizuia. Honda wanalijua hilo, ndiyo maana waliiwekea uwezo wa kurudi nyuma, na ile yenye gia saba za kujibadilisha zenyewe ina namna ya kusogea taratibu mbele na nyuma kwa kubonyeza kitufe. Nilipoijaribu kwenye mteremko mdogo niliona thamani yake mara moja.

Sasa, siku utakapokwenda kujaribu, usikimbilie barabara kuu. Tafuta uwanja mtupu wa maegesho. Weka gia ya kwanza, klachi uiachie nusu, mguu wa kulia uguse breki ya nyuma kidogo tu bila kuiachia, kisha geuza duara kamili kulia, halafu kushoto, ukitazama unakokwenda na si chini. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umepinda. Ukimaliza, mpandishe shemeji na urudie. Kisha zima injini, shuka, uisukume kinyumenyume mita kumi kwa mikono yako. Muuzaji anaweza kukushangaa, mwache ashangae.

Upepo ndio una hadithi ndefu zaidi. Gold Wing ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1974, injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 999, ilikuja kifua wazi, haina hata kioo cha kukinga upepo. Waliozinunua kwa safari ndefu walianza kununua ngao za upepo kwa watengenezaji wengine na kuzifunga wenyewe. Mwaka 1980 ndipo Honda walipoleta ile iliyoitwa Interstate, ngao na masanduku vikitoka kiwandani. BMW walikuwa wametangulia: R 100 RS ya mwaka 1976 ilikuwa na bodi kamili ya kukinga upepo, iliyopimwa kwenye handaki la upepo (chumba cha kujaribia vitu kwa hewa inayovumishwa), na miaka miwili baadaye ikafuata R 100 RT, ambayo hiyo unayoitamani ni mjukuu wake. Kwa hiyo makampuni haya mawili yamekuwa yakishindana kuhusu upepo kwa karibu nusu karne, na ushindani huo unausikia ukikaa kitini.

Kumbuka kwamba ukinzani wa hewa unapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 100 kwenda 120, mwendo umeongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini upepo unakusukuma karibu mara moja na nusu ya mwanzo. Kinachochosha zaidi si msukumo wenyewe, maana msukumo ulionyooka mwili unauzoea. Kinachochosha ni vurugu za hewa inayokatika kwenye ukingo wa kioo na kuja kuigonga kofia, ikitikisa shingo na kujaza masikio ngurumo. Ndani ya kofia, kwa mwendo wa barabara kuu, kelele hiyo huvuka desibeli 90 kirahisi, kiwango kinachoharibu masikio mtu akikaa nacho saa nyingi. Vaa viziba masikio hata siku ya kujaribu. Bila hivyo utadhani pikipiki yenye kelele za juu ndiyo mbaya, kumbe ni kofia yako.

Kuna kipimo ninachokifanya kila mara. Nikifika kama kilomita 90 au 100 kwenye barabara iliyonyooka na tupu, nainuka kidogo kwenye vikanyagio mpaka kichwa kitoke juu ya kioo. Hapo hewa huwa safi, inavuma sawasawa, na kelele hubadilika sauti. Kisha nashuka taratibu na kusikiliza ni wapi vurugu zinaanzia. Kama zinaanzia pale pale kichwa changu kinapokaa, kioo hicho hakinifai kwa urefu huo, ama kipandishwe ama kishushwe. Na wakati mwingine dawa ni kukishusha. Kuna pikipiki moja, jina sitalitaja, niliteseka nayo na kioo kikiwa juu kabisa. Nilipokishusha hewa ikanipiga kifuani, kichwa kikatulia, na nikafurahia safari iliyobaki.

Hapa RT inanigusa moyo kweli. Kioo chake ni cha umeme na kipana. Unakipandisha kwa kidole huku unakwenda, na kuna mahali, kwangu ni kama theluthi mbili ya juu, ambapo dunia inanyamaza. Unaisikia injini, unazisikia tairi. Gold Wing ya kizazi kilichoanza mwaka 2018 nayo ina kioo cha umeme, lakini ngao yake ni nyembamba kuliko ya ile iliyotangulia, na tangi limepungua hadi lita 21. Honda walitaka kuipunguzia uzito na kuipa wepesi, wakafanikiwa. Waliozoea kujificha nyuma ya ile ya zamani kama waliokaa sebuleni wanaiona tofauti, na sidhani wanaonea.

Uliniuliza pia kama uwaangalie wengine kabla ya kuamua. Ndiyo, na usiogope kupoteza siku. Harley-Davidson Road Glide ipande angalau mara moja, hata kama huinunui, uelewe jambo hili: ngao yake imefungwa kwenye fremu, wakati ya ndugu yake Street Glide imefungwa kwenye usukani. Pakiwa na upepo wa ubavuni au ukipishana na lori, utaelewa mara moja kwa nini baadhi ya watu hawataki kusikia habari za hiyo ya pili. Ducati Multistrada V4 ndiyo pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa na rada, yaani vifaa vya kuhisi magari yaliyo karibu, mbele na nyuma. Ina nguvu farasi 170 na inataka kukimbia muda wote. Ni nzuri mno, lakini kwa safari ya watu wawili wanaosimama kutazama mandhari naiona ina haraka kuliko wenyewe. Honda NT1100, yenye injini iliyotoka kwenye Africa Twin, pikipiki nyingine ya Honda, nguvu farasi 102 na kilo 238, wengi huipita bila kuitazama kwa sababu namba zake hazishtui. Mimi naiheshimu. Haikuombi ujuzi wowote, na jioni unashuka mgongo umenyooka.

Ya kusafiri peke yangu ningechukua Yamaha Tracer 9 GT bila kufikiri mara mbili. Silinda tatu, sentimita za ujazo 890, kama kilo 220, na injini inayovuta vizuri kutoka chini ikiwa na sauti ya aina yake. Kwenye kona za mlima unaitupa kulia na kushoto kwa nguvu ya viganja tu. Inatumia cheni, na hilo ulizingatie: kila kilomita mia kadhaa unapiga magoti kuipaka mafuta, na baada ya mvua ni lazima. RT na Gold Wing zina shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. Mtu anayetembea nchi nzima na mizigo anaielewa tofauti hiyo vizuri zaidi jioni, wakati wenzake wanaoga naye bado ameshika kopo la mafuta ya cheni.

Jambo moja kuhusu haki katika kulinganisha. Kuna siku nilipewa pikipiki ya majaribio iliyokuwa ngumu kuingia kona, usukani unapinga, nikaanza kuichukia. Nilisimama nikaomba kipimo cha upepo wa tairi: la mbele lilikuwa limepungua sana. Lilipojazwa ikawa pikipiki nyingine kabisa. Tangu hapo sipandi bila kupima tairi zote mbili, na namwomba muuzaji aweke springi za nyuma kulingana na uzito wetu. Pikipiki iliyowekewa mtu mmoja mwepesi, ukiibebesha watu wawili, inakaa chini nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na taa inamulika angani. Ukiilinganisha hivyo na nyingine iliyowekwa sawa, unailaumu bure.

Na hapo tunafika kwa shemeji. Usimwache nyumbani siku ya majaribio, tafadhali. Yeye ndiye atakayekaa bila usukani wa kushika, bila kujua breki inakuja lini. Kiti cha nyuma cha Gold Wing Tour, chenye mgongo na pa kuwekea mikono, sijaona kinachokishinda, na ile shokapu ya mbele ya mikono miwili, ambayo kizazi cha 2018 kilikuja nayo, inafanya mashimo madogo yapite chini bila kufika mikononi. RT nayo ina lake: mbele haizami sana ukifunga breki, kwa sababu ya namna shokapu yake ilivyotengenezwa, kwa hiyo kofia ya abiria haiji kugonga yako kila ukipunguza mwendo. Mwambie shemeji asikupe jibu baada ya dakika kumi. Magoti na nyonga huanza kusema ukweli baada ya saa nzima.

Usisahau kupiga hesabu ya mzigo. RT inaruhusiwa kufika kilo 505 jumla, maana yake inabaki na kilo 226 za kwenu nyote. Ninyi wawili na majaketi, mabuti na kofia, kisha nguo, vifaa na maji ya kunywa, mtaikaribia kuliko mnavyodhani. Kwa kila pikipiki utakayoijaribu, tafuta namba hiyo kwenye kitabu chake kabla hujaangalia nguvu farasi. Utashangaa: kubwa kwa umbo si lazima iwe ndiyo inayoruhusiwa kubeba zaidi, kwa sababu uzito wake wenyewe umeshakula sehemu.

Basi, ukinibana nikujibu, kwa ninyi wawili, kwa barabara mnazozipenda zenye kona nyingi na maegesho ya tabu, nasema RT. Ikiwa shemeji atashuka kwenye Gold Wing akakataa kurudi kwenye kiti kingine chochote, mjadala umekwisha na mimi nitakuwa upande wake. Ujue pia kwamba mwaka 2025 BMW walimtangaza mrithi, R 1300 RT, kwa hiyo ukikuta zote mbili kwa muuzaji mmoja, zipande siku moja, njia moja, na kofia ile ile.

Ukimaliza niandikie mambo matatu: mlivyogeuza duara mkiwa wawili, kioo ulikiacha wapi, na shemeji alisema nini aliposhuka. Hayo mengine utaniambia tukikutana.

Wako daima,
Rafiki yako